Mumeo akianguka baharini, unajua kugeuza chombo?

Leo mwenzenu nina swali kwa wale mliooa, mlioolewa na mnaojiandaa kufanya hivyo. Tuseme mko wawili tu baharini, usiku, nchi kavu haionekani hata kwa dawa. Mwenzio kateleza, chubwi! Hebu niambie, unajua kukigeuza chombo ukamfuate, au utabaki unapiga yowe mpaka sauti ikauke?

Msinicheke. Swali hili nilipewa na mama mmoja wa Kizungu mwaka 2022, na tangu siku hiyo halijaniacha nikalala vizuri.

Ilikuwa hivi. Shangazi yangu ana genge kule Msasani, na mimi nikiwa sina kazi ya kuandika huwa namsaidia. Kuna yoti ikaja kutia nanga, ya futi 36, yaani mita 11 hivi, ndani yake mtu na mkewe, umri wao umeshapita hamsini. Wakawa wanaagiza nyanya, ndizi, mayai na mchicha. Anayepeleka nani? Mwenzenu. Kiingereza changu ni cha form four, lakini yule mama alikuwa mpole, ananipa chai, ananisimulia. Wiki tatu walizokaa pale nilipanda ile yoti mara saba.

Walikuwa wametoka mbali jamani. Kabla ya kupita Mfereji wa Panama na kuvuka Pasifiki, waliishi miaka minne Caribbean, kuanzia 2015 mpaka 2019. Na mimi hapo ndipo nilipokuwa nataka kusikia. Caribbean si ndiko ilikotoka zouk ya kina Kassav', zile za Guadeloupe na Martinique zilizowafanya kaka zetu wakajifanya wanajua Kifaransa? Kichwani nilikuwa na picha moja tu: mtu na mpenzi wake wamejilaza juu ya sitaha, jua linazama, glasi mkononi, hakuna mama mkwe wala mwenye nyumba.

Yule mama akacheka kweli kweli. Akaniambia jua linazama kila siku, lakini ni dakika chache tu. Saa zinazobaki ni kazi.

Walianzia visiwa vya Canary, wakavuka Atlantiki mpaka kisiwa cha St. Lucia. Ni maili za baharini kama 2,700, zaidi kidogo ya kilomita 5,000. Wao walitumia siku 22. Na baharini hakuna kuegesha ukalala. Kila mtu ana zamu ya saa tatu. Mke akiamka mume analala, mume akiamka mke analala. Siku 22 wana kitanda kimoja, na hawajalala pamoja hata usiku mmoja! Nyie mnaolalamika kwamba mumeo anarudi saa nne usiku, mpo?

Walipofika visiwani mambo yakawa tofauti. Vile visiwa vya mashariki mwa Caribbean vimepangana kama shanga: Grenada, Carriacou, St. Vincent, St. Lucia, Martinique, Dominica, Guadeloupe, Antigua, mpaka juu huko St. Martin. Upepo wao ni kama kaskazi yetu, ila wenyewe hauna kusi ya kupokezana nayo. Mwaka mzima unatoka upande wa mashariki, na ikikaribia Krismasi unazidi nguvu. Mara nyingi ukiondoka kisiwa kimoja unakiona kingine mbele yako. Mwendo wa yoti ni kama kilomita kumi kwa saa, baiskeli inakupita, kwa hiyo safari ya kisiwa mpaka kisiwa inakula siku nzima.

Na kila ukifika mahali ni nchi nyingine. Unapandisha bendera ya manjano kuonyesha bado hujapita uhamiaji na forodha. Unashuka na mafaili yako, unagongewa muhuri, halafu ndiyo unashusha ile ya manjano na kupandisha bendera ya wenyeji. St. Lucia unatumia dola ya East Caribbean, ukivuka kwenda Martinique unatumia euro, maana kule ni sehemu ya Ufaransa. Juni mpaka Novemba ni msimu wa vimbunga, basi wenye yoti wengi hukimbilia kusini, Grenada au Trinidad. Hawa walikuwa Grenada tarehe 6 Septemba 2017, siku Kimbunga Irma kilipopiga Barbuda na St. Martin kwa upepo wa zaidi ya kilomita 280 kwa saa. Watu wote wa Barbuda ilibidi wahamishiwe Antigua. Na kukimbilia kusini nako si dawa ya uhakika: tarehe 1 Julai 2024 Kimbunga Beryl kiliipiga Carriacou, hukohuko Grenada, na yoti zilizojificha kwenye mikoko zikageuzwa kama vifuu.

Sasa tuingie ndani. Chumba cha kulala ni pua ya chombo, ukikaa ghafla unagonga kichwa. Jiko ni la moto miwili na linaning'inia, ili mawimbi yakija sufuria isimwagike. Maji ya tangi ni ya kupimiwa: vyombo vinaoshwa kwa maji ya bahari, vinasuuzwa kwa kikombe kimoja cha maji baridi. Choo unapampu kwa mkono. Kikiziba hakuna cha kumwita fundi, mume anapiga magoti anatoa mabomba moja moja. Eti na hapo mko kwenye ufukwe ambao watu wanalipa maelfu ya dola kuja kuuona!

Lakini nikamuuliza, nini hasa kinachogombanisha mke na mume humo? Nilidhani atasema pesa, au wivu. Akasema, nanga.

Nanga! Kumbe mkifika mahali pa kulala, mmoja anashika usukani nyuma na mwingine anasimama mbele kushusha nanga. Mashine inaunguruma, upepo unavuma, hamsikilizani. Huyu anasema rudi nyuma, yule anaelewa songa mbele. Mnyororo unakwenda, yoti inakaribia kugonga ya jirani, na jirani zako wote wamekaa na vinywaji wanaangalia sinema ya bure. Mume anamfokea mke mbele ya kadamnasi. Usiku huo wali unaliwa kimya kimya. Wengi siku hizi wananunua vile vipaza sauti vya kuvaa kichwani, wakaongea kwa sauti ya kawaida. Mabaharia wenyewe wamevibatiza jina: viokoa ndoa.

Hawa wangu hawakununua. Walifanya jambo jingine, na hili ndilo ninalotaka mlisikilize.

Msimu wao wa kwanza mume ndiye alikuwa nahodha, mke ni mpishi na mshika kamba. Siku moja mke akamwambia, hivi wewe ukianguka majini mimi nitafanyaje? Mume akajibu, sitaanguka. Mke akasema, hilo si jibu. Wakakubaliana: Jumatano ni siku ya mke. Siku hiyo yeye ndiye nahodha kuanzia asubuhi, anawasha mashine, anapandisha tanga, anasoma ramani, na wakifika bandarini yeye ndiye anayebeba mafaili kwenda forodhani. Mume kazi yake ni kushika kamba, kupika na kufunga mdomo. Kufunga mdomo ndiko kulikomshinda, alisema.

Na kila Jumatano wakiwa njiani walitupa nazi baharini. Nazi ikielea kwenye mawimbi inafanana na kichwa cha mtu. Mke anainyooshea kidole asiipoteze machoni, anakigeuza chombo mpaka kielekee upepo kisimame, anaiokota. Mara ya kwanza alizunguka nusu saa, na nazi yenyewe akaikosa. Mwaka wa pili alikuwa anaiokota kabla chai haijapoa.

Basi siku ikafika. Walikuwa wanatoka St. Vincent kwenda St. Lucia. Ukishapita ncha ya kaskazini ya St. Vincent unakutana na mkondo na upepo wa bahari kuu kwa pamoja, pabaya pale. Ule mti wa chini unaobeba tanga kubwa ukageuka ghafla ukampiga mume mbavuni. Hakuanguka majini, mkanda wa usalama ulimshika, lakini kusimama hawezi na kupumua ni kwa shida. Mke akamfunga chini kwa mito, akapunguza tanga, akashika usukani. Saa sita peke yake! Akaingiza chombo Soufrière, chini ya ile milima miwili pacha, Gros Piton na Petit Piton. Pale huruhusiwi kutia nanga, ni hifadhi ya bahari, unafunga kamba kwenye boya. Kijana wa pale akaja na mtumbwi wake wa mashine, wale wanaofuata yoti kutafuta riziki kama papasi wetu wa Unguja. Mama akamrushia kamba, kijana akafunga, kisha akasaidia kumshusha mgonjwa. Mbavu mbili zilikuwa zimepata ufa.

Nikamuuliza, uliogopa? Akaniambia aliogopa sana, ila mikono ilikuwa inajua cha kufanya. Akaongeza: "Siku ile haikuwa Jumatano. Ilikuwa Ijumaa."

Mimi pale nilikaa kimya, chai imenipoa. Nilikuwa namfikiria mama yangu mzazi.

Baba alikuwa dereva wa malori ya Zambia. Alimpenda mama, hilo hata majirani wanajua. Kila kitu alifanya yeye. Kodi analipa yeye, ada analipa yeye, benki anakwenda yeye, kiwanja cha Chanika alinunua yeye. Kauli yake ilikuwa, "Mama watoto, usijisumbue, mimi nipo." Mwaka 2011 akawa hayupo. Gari lilipinduka. Arobaini haijafika, ndugu wa marehemu wakaja na karatasi za kiwanja, mama hajawahi kuziona. Mashahidi walikuwa nani, hajui. Hela ziko benki gani, hajui. Kuna watu walidai wanamdai marehemu, hakujua aamini lipi akatae lipi. Mama alibaki na cherehani na sisi watoto watatu. Hakuwa mjinga, hesabu za cherehani lile ndizo zilizonimalizisha sekondari. Ila hajawahi hata siku moja kukabidhiwa usukani, na siku aliyoachiwa ilikuwa katikati ya dhoruba.

Sasa mwenzenu nimeposwa. Ndoa Mungu akipenda ni Desemba. Mchumba wangu ni fundi simu Kariakoo, kijana mstaarabu, hanywi, ananijali. Tumepata chumba na sebule Tabata, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita. Nikamuuliza, tunacho kiasi gani, na ule mkopo wa vifaa vya ofisi umebaki ngapi? Akatabasamu, akanishika bega. "Mambo ya pesa niachie mimi, wewe kazi yako kupendeza."

Najua wengine hapo mngeyeyuka. Mimi mwili uliniingia baridi. Ilikuwa sauti ya baba tupu.

Nikamsimulia habari ya Jumatano, ya nazi na ya mbavu. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akanitupia methali: "Manahodha wengi, chombo huenda mrama." Nikamwambia sikatai, wazee walikuwa mabaharia kweli. Lakini wale hawakuwa manahodha wawili kwa wakati mmoja. Siku sita alikuwa huyu, siku moja alikuwa yule. Kilichokuwa kimoja ni chombo. Na huyo nahodha wako mmoja, akilala? Akiugua? Akienda Tunduma asirudi?

Akanyamaza. Kisha akaniuliza, na mimi sikutegemea, "Haya, na ule mchezo unaocheza pale gengeni kwa shangazi yako, zamu yako lini na unapokea ngapi?" Swali la haki kabisa. Nikamjibu pale pale, kwa tarakimu. Nikamwambia hata jina la mama anayeshika daftari. Akatikisa kichwa, akatoa simu yake, akanionyesha salio la mkopo. Lilikuwa kubwa kuliko nilivyofikiri. Hatukugombana. Tulikaa tukapiga hesabu mpaka saa tano usiku, na kodi ya Tabata tukaona tuombe tulipe ya miezi mitatu kwanza. Aliyekwenda kuongea na mwenye nyumba ni mimi. Mzee amekubali, ila kwa sharti kwamba hataki muziki baada ya saa nne.

Yule mama na mumewe walishaondoka zamani, sijui sasa wametia nanga wapi. Kwetu Jumatano ya kwanza ilikuwa wiki iliyopita. Nilishika daftari la duka lake, yeye akapika. Wali ulikuwa bokoboko na maharage yalikosa chumvi, lakini kufunga mdomo alijitahidi.

Na wewe msomaji, kwenu Jumatano ni lini? Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa.