Sahani Isiyorudi Tupu

Baridi ya Makangale haina theluji. Katika pembe hiyo ya kaskazini ya kisiwa cha Pemba, baina ya msitu wa Ngezi na rasi ya Kigomasha, majira ya baridi ni kipupwe, tangu Juni hata Agosti, masika yakiwa yamekwisha na upepo wa kusi ukivuma. Usiku joto huweza kushuka hata nyuzi 22 hivi, na wazee hujitanda shuka mbili wakalalamika. Mgeni wa Ulaya angecheka. Mwanamke apikaye vileja hacheki, kwa kuwa majira haya ndiyo yamfaayo: samli huganda, akaipiga pamoja na sukari mpaka ikawa nyeupe.

Kileja ni kitu kidogo chenye taabu kubwa. Mchele huroweshwa, hukaushwa, hutwangwa na kuchekechwa. Unga wake hukandwa kwa samli, sukari, mayai na hiliki, kisha kila kidonge hutiwa doa la kiini cha yai kichwani. Nyumba nyingi hazina tanuri. Makaa machache huwekwa chini ya sufuria na mengi juu ya kifuniko, na hapo ndipo mikono hutofautiana: mwenye haraka hutoa vileja vyeusi chini na vibichi juu, na hapana sukari iwezayo kuficha aibu hiyo.

Idi haifungwi na majira, kwani mwaka wa mwezi mwandamo hutangulia ule wa jua kwa siku 11 hivi. Lakini Idi Kubwa iliangukia Julai mwaka 2021 na 2022, na Juni mwaka 2023 na 2024, ikakutana na kipupwe. Nyakati kama hizo sahani hutembea kijijini kuliko watu. Mtoto hubisha hodi, sahani imefunikwa kawa mkononi mwake.

“Shikamoo, bibi. Mama anakusalimu, anasema uonje.”

“Marahaba, mwanangu. Mwambie ahsante.”

Mtoto huondoka mikono mitupu, na sahani hubaki. Kuirudisha saa ile ile ni kama kulipa deni dukani. Itarudi baadaye, nayo haitarudi tupu: penye vileja patakuwa na visheti, au kipande cha mkate wa kumimina.

Huko Marekani, mwezi wa Desemba, marafiki nao hukutana kubadilishana biskuti walizooka nyumbani. Kila mmoja huja na aina moja, aghalabu kwa hesabu ya dazeni waliyoafikiana, akarudi kwake na mchanganyiko wa zote. Ni haki tupu, na mambo humalizika siku ile ile. Makangale hesabu haitajwi. Walakini asidhani msomaji kwamba hapana ahesabuye.

Fikiria mjane asiye na samli. Mchele ni wa kununua, sukari ni ya kununua, na kuku wake wawili wameacha kutaga. Sahani ya jirani imekaa kwake wiki mbili, imeoshwa, imesimamishwa ukutani, na kila aionapo huchagua njia nyingine ya kwendea kisimani. Mila yenyewe haikumdai vileja. Ndimu tatu zingetosha, au fungu la mchaichai, au hata chumvi kidogo. Lakini ni vigumu kupeleka ndimu mahali palipotoka samli.

Siku hizi wako wenye huruma wanaopeleka vitu vyao katika vyombo vya plastiki vya kutupwa, ili mpokeaji asione uzito. Nia ni njema, na huenda mjane akapumua. Lakini chombo kisichorudishwa hakina safari ya pili. Nyumba iliyokuwa ikipokea na kutoa sasa hupokea tu, na siku si nyingi jina la kipewacho hubadilika likawa sadaka.

Jirani mwenye akili zaidi hufanya jambo jingine. Haulizi sahani yake. Asubuhi ya kupika humtuma mtoto kwa yule mjane: “Mama anasema mkono wake unaunguza, uje umpalie makaa.” Mjane huenda. Hukaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, kwa kuwa kigoda kimoja kimekaliwa na mwenyewe, akapunguza makaa ya chini, akaongeza ya juu, akainusa harufu kabla ya kufunua. Vileja hutoka vyeupe vyenye doa la njano. Wote wawili wanajua kwamba mkono wa mwenye nyumba haukuwa ukiunguza, na hapana anayesema.

Jioni mjane hurudi kwake na sahani nyingine imejaa. Kesho yake hurudisha zote mbili. Moja ina ndimu. Nyingine ina vileja sita katika vile alivyovioka mwenyewe, na mwenye sahani huvipokea kama vitu asivyowahi kuviona.