Sufuria Chini ya Majivu

Mwezi uliopita, tulipokuwa tukibomoa jiko la nyanya kule Shinyalu, mpwa wangu anayesomea sheria alifukua sufuria kuukuu. "Mjomba, mbona aliifukia? Si chang'aa iliruhusiwa?" Nikamwambia aketi.

Nyanya alianza kuipika pombe hiyo kali usiku wa manane. Busaa iliyochachushwa kwa sukari nguru iliwekwa pipani, ndani likaning'inizwa bakuli la kukingia matone, juu sufuria ya maji baridi, kingo zikazibwa kwa udongo na samadi. Kazi yangu ilikuwa kubadilisha maji kabla hayajapata moto. Harufu yake, tamu kama miwa iliyoungua lakini inayowasha macho, iling'ang'ania sare yangu hadi darasani. Kikombe cha kwanza alikimwaga motoni na kuangalia ndimi zilivyopanda. Asiporidhika, alimwaga yote, hata kama karo yangu ilikuwa humo.

Askari wa chifu walikuja alfajiri moja nikiwa bado shule ya msingi, wakamwaga madebe mawili, naye akalala korokoroni. Miaka yote nimeilaumu Sheria ya Kupiga Marufuku Chang'aa. Juzi nimepekua: ilitungwa 1980, nami kufikia hapo nilikuwa sekondari. Basi itakuwa ni amri nyingine. Madebe niliyaona kwa macho yangu.

Sheria hiyo ya 1980 haikufutwa kwa kumhurumia nyanya. Ilifutwa kwa sababu ya makaburi. Mnamo Novemba 2000, pombe yenye methanoli iliua zaidi ya watu 100 katika mitaa duni ya Nairobi, na wengine wakapofuka. Marufuku haikuwa imezuia unywaji. Ilikuwa imeusukuma gizani, ambako hakuna mkaguzi. Mwaka 2010 ikapita Sheria ya Kudhibiti Vileo, ambayo watu waliiita ya Mututho kwa jina la mbunge wa Naivasha aliyeipeleka Bungeni, nayo ikaifuta ile ya 1980. Chang'aa ikawa halali, mradi iwe na chupa, lebo na leseni.

Hapo ndipo ninapoudhika. Ni nani aliyewauliza kina mama wenye pipa moja? Walilala korokoroni miaka 30, na sheria ilipofutwa nafasi yao ikaachiwa mwenye kiwanda. Mwaka 2013 leseni zikahamia kaunti, misako ikaendelea, na leo vijana wetu sokoni wanabugia vitu visivyojulikana vimepikwa na nani.

Mwaka ule wa 2010 nilimpelekea nyanya gazeti, nikamsomea kwa furaha. Alinisikiliza hadi mwisho. Akauliza chupa zinauzwa wapi. Akauliza leseni inatolewa wapi, nikamwambia ni kwa kamati ya wilaya, mjini. Akauliza kama kamati hiyo itakuja kuonja.

Jioni hiyo alichukua jembe akaingia jikoni.