Mechi ya Nne, na Kocha Ameshafukuzwa

Mimi ni shabiki wa Gor Mahia na nyumbani ni Machakos. Ukisema hivyo hapa mtaani lazima uulizwe: Mkamba na K'Ogalo ni wapi na wapi? Jibu langu ni fupi. Uwanja wa Kenyatta uko hapa mjini, na viwanja vikubwa vya Nairobi vikifungwa, timu za huko hupanda basi na kuja kuchezea kwetu. Nilianza kuzitazama nikiwa shule ya upili. Gor ndio waliokuja na kelele nyingi kuliko wote, nami nikabebwa na hizo kelele. Mpira wenyewe nilikuja kuuelewa baadaye.

Kwa hivyo kila msimu ukianza nina kazi ya ziada: kutetea timu ambayo bado haijafanya kitu. Si kuwatetea mbele ya watu wa Ingwe, hao tumezoeana. Nawatetea mbele ya watu wa Gor wenzangu. Sare moja, wanaguna. Sare ya pili, wanaanza kuhesabu pesa za usajili kana kwamba walizitoa mfukoni mwao. Ikifika mechi ya nne bila ushindi wa maana, kocha ameshafukuzwa kwa kinyozi, kwa muuza chai na kwenye stendi ya boda, ingawa yeye mwenyewe bado hana habari.

Tupige hesabu kidogo. Ligi Kuu ya Kenya ina timu 18, na kila moja inacheza mechi 34. Hizo ni pointi 102. Mechi tano za kwanza zina pointi 15. Hata timu ipoteze zote tano, jambo ambalo Gor hawajanifanyia, bado kuna pointi 87 mezani. Nimempigia kinyozi wangu hesabu hii mara nyingi. Ni mzee wa makamo, Gor damu, na mashine yake hainyamazi hata akikasirika.

"Kijana wangu," aliniambia msimu mmoja, "mimi nikionja mboga kijiko kimoja najua chumvi imezidi. Sihitaji kumaliza sufuria."

"Sawa mzee, lakini muthokoi ukiuonja baada ya nusu saa utasema hauliki."

Alicheka, akanigeuza shingo, akaendelea kumfukuza kocha. Lakini lile swali lake la kijiko nilitoka nalo. Ana haki kiasi. Kuna vitu ambavyo kijiko cha kwanza kinakuambia ukweli, na kuna vitu ambavyo lazima viive. Shida ni kujua umeshika kijiko cha nini.

Chukua mwaka wa 2015. Gor walikuwa mabingwa mara mbili mfululizo, 2013 na 2014, lakini Bobby Williamson alikuwa ameondoka kwenda kufundisha Harambee Stars. Akaja Frank Nuttall, Mskoti ambaye wengi wetu hatukuwa tumewahi kumsikia. Kocha mgeni, matarajio makubwa: ukimwuliza mtu wa kwa kinyozi angekuambia hii safari tumekwisha. Gor walimaliza msimu ule bila kupoteza hata mechi moja ya ligi kati ya 30. Michael Olunga alifunga mabao 19. Mara ya mwisho klabu ilikuwa imefanya hivyo ni 1976, wakati wazazi wangu hawajajuana.

Mwaka uliofuata kocha alikuwa yuleyule, jezi ileile, na bado mambo yakaenda mrama mapema. Nuttall akaondoka msimu ukiwa mchanga, akaja Mbrazili Zé Maria, na mwishoni Tusker wakachukua kombe, Gor wakawa wa pili. Walioguna mapema waliona sawa. Lakini waliona sawa kwa sababu kulikuwa na kitu cha kuonyesha kwa kidole: Olunga alikuwa ameenda Sweden, na Meddie Kagere alikuwa ameondoka pia. Ukiwatoa washambuliaji kama hao, huhitaji mechi kumi ndipo ujue mabao yatapungua.

Hapo ndipo nilipopata kanuni yangu, na ndiyo ninayotumia mpaka leo. Timu ikianza vibaya, naomba sababu. Ukiweza kunitajia kitu kilichoondoka na hakirudi, nakaa nawe tulie pamoja. Ukiwa na matokeo peke yake, mimi nasubiri.

Hata kuanza vizuri nakupima hivyohivyo. Agosti 2025 tulikuwa wenyeji wa CHAN pamoja na Tanzania na Uganda. Kundi letu lilikuwa gumu kiasi kwamba watu walisema tukipata pointi mbili tumshukuru Mungu. Tukawapiga Kongo 1-0. Tukatoka sare ya 1-1 na Angola tukiwa kumi uwanjani. Tukawapiga Moroko 1-0, pia tukiwa pungufu. Tukamaliza na Zambia, 1-0. Pointi 10, wa kwanza kwenye kundi, na Benni McCarthy akawa mtoto wa kila boma. Hapa Machakos boda zilipiga honi mpaka usiku. Kisha tarehe 22 tukakutana na Madagaska kwenye robo fainali, sare ya 1-1, penalti, tukatoka. Na nani aliyeinua kombe? Moroko, wale tuliowapiga mapema. Wao mchezo wa kundi uliwafundisha kitu, sisi ulitupa raha. Raha si mbaya, lakini haibebi kombe.

Kinyume chake nilikishuhudia kwa macho yangu hapahapa mjini, Desemba 2017. Ilikuwa CECAFA. Harambee Stars walikuwa na kocha mpya, Paul Put wa Ubelgiji, aliyekuwa ameajiriwa mwezi mmoja tu kabla. Walianza kwa kuwafunga Rwanda 2-0. Halafu sare tasa na Libya. Halafu sare tasa na Zanzibar, na hiyo ndiyo niliingia uwanjani kutazama. Watu waliokuwa nyuma yangu walizomea kipindi cha pili chote. Zanzibar! Nchi ambayo mwaka uleule CAF waliipa uanachama mwezi Machi na kuunyang'anya Julai! Tumeshindwaje kuwafunga?

Mimi nilikuwa natazama kitu kingine. Mechi tatu, hakuna bao lililoingia kwetu. Zero. Safu ya mbele ilikuwa haijajuana, lakini ya nyuma ilikuwa imejuana tayari. Nilimwambia jamaa niliyekuja naye kwamba timu isiyofungwa huwa inangoja tu siku moja ipate bao. Tukawafunga Tanzania 1-0. Tukawafunga Burundi 1-0 kwenye nusu fainali. Na tarehe 17 fainali ikarudi Machakos, Kenya na Zanzibar walewale, ambao kumbe hawakuwa wa kuchezewa: walikuwa wamewatoa Uganda, mabingwa watetezi. Sare ya 2-2 baada ya dakika 120. Kwenye penalti Patrick Matasi akadaka tatu na kombe likabaki. Nilirudi nyumbani bila sauti.

Ninakumbuka tarehe hiyo kwa sababu nyingine pia. Siku tatu baadaye, tarehe 20, matokeo ya KCSE yalitoka, na yangu yalikuwemo. Nilipata alama ya kuingia chuo kikuu. Mwaitu alichinja kuku. Mjomba akasimama akasema huyu kijana sasa amefika, akasema hata nitakachokuja kuwa. Mechi ya kwanza kabisa, na ubingwa umeshatangazwa.

Mwaka wa tatu wa chuo karo iliisha kabla ya kozi. Nikarudi Machakos na begi moja, na mjomba yuleyule akatangaza tena, safari hii kwamba nimeharibikiwa. Nilikuwa na miaka 21. Sikumjibu, si desturi kumjibu mjomba. Lakini niliona kwamba mtu yule wa kuku na mtu yule wa maombolezo walikuwa wanatumia kipimo kimoja: wanaangalia ubao wa matokeo, hawaangalii mchezo. Sasa naandika kwa malipo, makala hii, tafsiri ile, mwezi mwingine kodi inalipika na mwingine nazungumza na mwenye nyumba kwa upole. Sijui nitamaliza nafasi ya ngapi. Najua tu kwamba kila mwaka nafungwa mabao machache kuliko mwaka uliopita.

Ndiyo maana haya maneno ya kwa kinyozi huwa siyachukulii kama mzaha mtupu. Kuna mtu upande wa pili. Kocha akifukuzwa mechi ya sita, anayekuja anakuta wachezaji ambao hakuwachagua, na mifumo inaanza upya, na sare zinaendelea, na sisi tunasema si tulijua. Mchezaji wa ligi yetu si wa Ulaya; kuna klabu ambazo mshahara hukawia, na kiingilio cha mlangoni ni pesa ya maana. Timu ikianza vibaya, sisi tunabaki nyumbani. Tukibaki nyumbani, pesa inapungua. Pesa ikipungua, timu inaendelea vibaya. Halafu tunajipongeza kwa kuona mbali.

Kubeti nako kumetuongezea haraka. Vijana wengi wanaokaa kwenye benchi la kinyozi wana mkeka kwenye simu. Ukibeti, msimu wako una urefu wa dakika 90. Sare ya mechi ya tatu si pointi moja, ni mia mbili zako zilizopotea, na lazima kuwe na mtu wa kulaumiwa kabla ya jua kuzama. Siwalaumu, maisha ni magumu. Nasema tu kwamba mtu aliyepoteza mia mbili hatakuambia ukweli kuhusu beki wa kushoto.

Kwa hivyo msimu ukiwa mchanga, mimi huangalia vitu vinne, na jedwali si mojawapo. Kwanza, tunafungwa mangapi, na yanaingia vipi: ni makosa ya mtu mmoja au ni njia ileile kila wiki? Pili, baada ya dakika ya 75 nani bado anakimbia? Tatu, tukifungwa, wachezaji wanaangaliana au wanaangalia chini? Nne, kocha akibadilisha mtu, mchezo unabadilika au ni jezi tu? Majibu ya hayo huwezi kuyapata kwenye simu. Lazima uje uwanjani, ulipe mlangoni, ukae kwenye jua la saa tisa na karanga zako.

Gor walikaa miaka 18 bila kombe la ligi, kutoka 1995 hadi 2013. Mwaka wa 2012 walilikosa siku ya mwisho kabisa, likaenda Tusker. Na ule mwaka wa 2013 wenyewe, walibadilisha kocha katikati ya msimu na bado wakachukua. Wazee walioiona ile miaka 18 kutoka mwanzo hadi mwisho hawapigi kelele mechi ya nne. Nimewaona uwanjani. Wanakaa kimya, mikono magotini, wanatazama mpira.