Nyota ya Chelewa: Mapambo ya Krismasi kama Somo la Kazi za Mikono

Kila ifikapo Desemba, katika nyumba nyingi za mijini kwetu, huonekana tawi la mvinje limesimamishwa ndani ya kopo la mchanga na kutandazwa pamba. Pamba hiyo huigiza theluji. Watoto wa nyumba hiyo hawajapata kuigusa theluji. Hata mtoto wa Marangu huiona kwa mbali tu, juu ya Kibo. Sina nia ya kuwacheka wafanyao hivyo. Nia yangu ni kuuliza swali la ualimu: mtoto anayetandaza pamba ile anajifunza nini?

Nionavyo mimi, anajifunza kuiga kitu asichoweza kukihakiki. Akikosea, hana pa kulinganishia. Akipatia, hajui kwamba amepatia. Baya zaidi ni kwamba huanza kuamini kuwa uzuri uko kwingine, na kwamba minazi na mikindu inayomzunguka ni ya kuezekea na kufagilia tu.

Yafaa tukumbuke asili ya desturi yenyewe. Mti wa Krismasi ulianzia Ujerumani, ukaenea Uingereza katika karne ya 19, hasa baada ya gazeti moja la London kuchapisha, mwaka 1848, picha ya Malkia Victoria na jamaa yake wakiuzunguka mti wao. Wajerumani wale wa kwanza hawakuagiza mti kutoka mbali. Walikata ulioota katika misitu yao. Basi anayetaka kuwafuata kwa kweli, na atazame kwanza kilichoota karibu na ua wake.

Nyumbani kwangu, hapa pwani, hutengeneza mapambo barazani pamoja na watoto wangu na wenzao wa jirani. Pambo tulipendalo zaidi ni nyota. Nitaeleza hatua zake, kwani ndani yake mna somo zima la hesabu.

Chagua chelewa nene za mnazi, ukate vijiti sita vya sentimita 23. Ukipima kutoka mwisho mmoja wa kila kijiti, tia alama kwenye sentimita 1, 8, 15 na 22. Funga vijiti vitatu kwenye alama zao za mwisho, viwe pembetatu ya pande sawa, kila upande sentimita 21. Fanya hivyo tena kwa vitatu vilivyobaki. Kisha laza pembetatu moja juu ya nyingine, ncha zikielekea pande tofauti, mpaka alama za katikati zikutane mahali sita, ufunge hapo. Umepata nyota ya ncha sita, na katikati yake pembesita yenye pande za sentimita 7.

Alama zisipokutana, hakuna haja ya mwalimu kumwambia mtoto kwamba amekosea. Nyota yenyewe humwambia. Mtoto hufungua, hushika rula, na kupima upya. Hapo ndipo ilipo tofauti na ile pamba juu ya mvinje.

Baada ya hapo nyota huzungushiwa ukindu, mweupe au uliochemshwa kwa manjano. Kazi hii hatufundishwi na kitabu. Hutufundisha bibi mmoja jirani yetu, msukaji wa mikeka. Bibi huyu ni Mwislamu, wala Krismasi si sikukuu yake, lakini ukindu ni elimu yake. Watoto wanaojua rula hugundua kwamba ukindu mkavu huvunjika, na kwamba ni lazima ulowanishwe kwanza. Mikono yake ilijua hayo kabla wazazi wao hawajazaliwa. Tusipowapeleka watoto kwa watu kama huyu, elimu hiyo itazikwa pamoja nao. Shuleni, penye watoto wa dini mbalimbali, nyota hiyo hiyo yaweza kufundishwa kama umbo, na kila mtoto akaenda nayo kwao kwa matumizi apendayo.

Tahadhari ni tatu. Zile mbegu nyekundu zenye doa jeusi zina sumu kali. Watoto wasizitoboe kutungia mapambo. Mshumaa usikaribishwe kamwe kwenye ukindu mkavu. Na majani machanga ya mkindu mmoja yasivunwe yote, ili mti uendelee kukua.

Kwa hiyo, ndugu mwalimu, kabla hujaorodhesha vifaa vya kununua, zunguka kwanza eneo la shule pamoja na wanafunzi wako, mwandike kilichopo. Na pamba nayo isidharauliwe, kwani ni zao la wakulima wetu wa Usukuma. Ifundishwe kama pamba: watoto waisokote iwe uzi, na kwa uzi huo waifunge nyota yao.