Kabla Binti Hajapanda Boti Kwenda Chuo Dar



Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, kazi dukani kwetu hubadilika. Magauni ya harusi husogezwa pembeni kidogo, na akinamama huanza kuingia na mabinti zao wakitaka mabaibui ya chuo. Si chuo cha Kurani. Sisi watu wa visiwani neno chuo tulilijua kwanza kwa kule tulikopelekwa na juzuu kwapani, mwalimu ni jirani, na ukichelewa kurudi mtaa mzima unajua. Chuo hiki cha sasa kipo Dar es Salaam, kama saa mbili kwa boti, na mwalimu hamjui mama yako wala mama yako hamjui yeye.

Hapa dukani tuko mafundi watatu na hakuna kati yetu aliyefika chuo kikuu. Tuliishia skuli, tukasomea ushonaji. Lakini tumewashonea wasichana wengi waliokwenda, na msichana akisimama mbele ya kioo akipimwa husema mambo ambayo hayasemi kwao wakati wa kula. Wengi wenu mnaosoma hapa ni mabiharusi ambao bado wanasoma, au ni mama zao, ndiyo maana tumeona tuyalete.

Mama akija hutuambia neno moja: shoneni refu, pana, zito. Usalama wa mtoto kwake ni kitambaa. Stara ni faradhi, hapo hatuna la kubishana. Lakini baibui linaloburura ni zuri ukumbini, si kwenye bodaboda. Pindo likinaswa na gurudumu la nyuma au mnyororo, linamvuta aliyelivaa kabla dereva hajajua kuna nini. Kwa hivyo baibui la chuo sisi tunalikata liishie kwenye kifundo cha mguu, na ndani anavaa suruali pana. Ubavuni kwa ndani tunaweka mfuko wenye zipu, wa simu na kitambulisho, kwa sababu mkoba wa begani ndio vibaka wa pikipiki wanaoutafuta, na ukivutwa mkoba, msichana naye anavutwa chini. Jambo jengine: mweusi kuanzia kichwani mpaka miguuni, usiku, pembezoni mwa barabara isiyo na taa, dereva hamuoni. Tunamwambia achukue mtandio mmoja mweupe kwa siku atakazochelewa maktaba. Wapo akinamama wanaokunja uso wakisikia mtandio mweupe. Tunawaeleza, wanakubali.

Haya ya nguo ni mepesi. Tunaanza nayo kwa kuwa ndiyo kazi yetu.

Chumba ni kizito zaidi. Wazee wengi wanadhani mtoto akipata nafasi ya chuo amepata na kitanda. Sivyo. Tuchukue Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani. Mwaka 2017 zilifunguliwa hosteli mpya za Magufuli, zenye nafasi ya wanafunzi 3,840. Ni nyingi, ila wanafunzi ni wengi kuliko vitanda kwa mbali sana, na vyuo vyengine vya mjini hali ni hiyo hiyo. Waliokosa wanapanga mitaani: Changanyikeni, Msewe, Makongo, Sinza, Ubungo. Dalali anakuonesha chumba, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita, choo kiko uani, na mlango una komeo moja la kuazima moyo.

Mama anavuka na boti ya asubuhi, anakiona chumba saa tano jua likiwaka, watoto wanacheza uani, anaridhika, anarudi na boti ya jioni. Sisi tunasema kikaguliwe usiku. Shukeni daladala saa mbili usiku kwenye kituo kile kile atakachoshukia yeye, mtembee kwa miguu mpaka mlangoni. Mtaona kama kuna taa, kama kuna kichaka, kama vijana wanaokaa kwenye kona wanasalimia au wanafuata. Muulizeni mwenye nyumba ufunguo wa pili uko kwa nani. Akisema uko kwake, nunueni kufuli lenu. Na kama inawezekana wapange wawili au watatu wanaojuana. Jumuiya za wanafunzi Waislamu vyuoni huwasaidia wageni kutafutana, muanzie huko badala ya kuanzia kwa dalali.

Sasa tuje kwenye lililotufanya tuandike.

Mwaka huu tulimshonea biharusi mmoja anayesoma chuo kimoja cha Dar. Ametupa ruhusa tuyaseme kwa sharti tusimtaje yeye, chuo chake wala anachosomea. Vipimo tulimchukua kabla ya Ramadhani. Alipokuja kujaribu gauni baada ya Sikukuu, kiuno kilikuwa kimepungua inchi tatu. Mama yake akacheka, akasema ni saumu na mawazo ya harusi. Biharusi kupungua inchi moja ni kawaida, kila fundi anaacha nafasi ya kubana. Inchi tatu si kawaida. Tukamtuma mama duka la pili akaangalie lesi, tukamuuliza mtoto: "Mwanetu, kuna nini?"

Alilia kwanza. Kisha akasema. Mwalimu wa somo moja alimfelisha, halafu akamuandikia meseji aende akaione karatasi yake. Si ofisini, wala si mchana. Sehemu tulivu, usiku. Hakwenda. Akarudia mtihani, akafelishwa tena, na meseji ikaja tena. Miezi ile yote alikuwa anabeba jambo hili peke yake, huku sisi tunabishana naye kuhusu rangi ya shanga.

Tukamuuliza kwa nini hakumwambia mtu. Akasema: "Khalati, nikisema nyumbani, Baba atasema basi, rudi. Nimebakisha mwaka mmoja."

Dada zetu, lisomeni tena hilo. Anayemtisha yuko Dar, lakini aliyemfunga mdomo ni neno la nyumbani, tena neno la mapenzi, la baba anayemuonea huruma mwanawe. Na yule mwalimu alilijua. Katika meseji moja alimuandikia kuwa watu wa kisiwani kwao hawapendi aibu. Yaani ametupima sote kama tunavyopima kitambaa, akaona pale tunapochanika.

Mama aliporudi na lesi mkononi, mtoto akamwambia mbele yetu. Mama akakaa kwenye kigoda. Akauliza, "Ulikwenda?"

"Sikwenda, Mama."

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Na kama ungekwenda, ungeniambia?"

Mtoto hakujibu.

"Basi uniambie," mama akasema. "Hata ungekwenda. Uniambie."

Tumeshona miaka mingi na tumesikia akinamama wakiwausia mabinti zao mengi siku za harusi. Usia huu tuliona umeyapita.

Kwa baba, mama alikwenda mwenyewe, kwa wakati wake na kwa njia zake, hayo ni ya ndani. Mtoto alikuwa hajazifuta zile meseji, na hilo ndilo lililomsaidia. Alikwenda na kaka yake kwa mshauri wa wanafunzi, na kwenye dawati la jinsia la chuo. Kumbe kulikuwa na wasichana wengine wawili, mmoja Mkristo wa Bara, naye pia alikuwa amenyamaza. Karatasi yake ikasahihishwa na mwalimu mwengine na alifaulu. Kesi ya yule bwana bado inaendelea, hatuisemei.

Msidhani ni kisa cha mtu mmoja. Mwaka 2018, wakati Rais Magufuli anakwenda kufungua maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mhadhiri wa chuo hicho hicho, Dk. Vicensia Shule, aliandika waziwazi Twitter kwamba rushwa ya ngono ipo na imezidi. Mwaka uliofuata waandishi wa BBC walionesha filamu ya uchunguzi kuhusu wahadhiri wa Nigeria na Ghana, yale yale. Na jambo hili lina jina katika sheria. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, imelitaja kuwa ni kosa la mwenye mamlaka anayedai ngono ili atoe kilicho haki ya mtu. Namba ya TAKUKURU ni 113, haina malipo. Vituo vikubwa vya polisi navyo vina Dawati la Jinsia na Watoto. Binti ayajue haya kabla hajafika Dar, maana siku ya hofu hakuna anayekumbuka kutafuta namba.

Upande wa dini, tunasikia mara nyingi: angekaa kwao yasingemkuta. Hukumu ya safari ya mwanamke peke yake tunawaachia masheikh, wanazo kauli zao na kila mtu amuulize anayemuamini. Tunachojua ni kuwa katika Suratun Nur, Mwenyezi Mungu ameanza na wanaume, aya ya 30, wainamishe macho yao, ndipo ikaja aya ya 31 ya wanawake. Katazo la mwanamume na mwanamke wasio maharimu kukaa faragha linamfunga mwalimu mwenye ofisi yake kama linavyomfunga mwanafunzi, tena yeye ndiye mwenye ufunguo. Na ipo hadithi ya Adiyy bin Hatim katika Sahihi ya Bukhari. Watu walimlalamikia Mtume, rehema na amani zimshukie, juu ya umasikini na maharamia wa njiani. Akamwambia Adiyy kwamba umri wake ukiwa mrefu atamuona mwanamke akisafiri kutoka Hira kule Iraq mpaka Makka kutufu Al-Kaaba, bila ya kumuogopa yeyote isipokuwa Allah. Adiyy akaishi mpaka akaliona. Sisi mafundi tunalipenda hili kwa sababu ni kipimo. Amani ya nchi imepimwa kwa mwanamke aliye njiani, si kwa aliyefungiwa ndani.

Wengine wanasema dawa ni ndoa, aolewe ndipo aende. Sisi tunaishi kwa ndoa za watu, hatuwezi kuzisema vibaya! Mtu mwema akija, mtoto ameridhia, na iwe, ina kheri nyingi. Ila mume yuko Unguja na mke analala Msewe, na yule anayetuma meseji za usiku hatazami kidole kama kina pete. Biharusi wetu huyu posa ilikuja kwa njia zake, lakini alitwambia angeambiwa aolewe kwa sababu ya lile jambo, angeiona ndoa kama adhabu. Mabiharusi mnaosoma, zungumzeni kabla ya akdi, wazi, mbele ya wazee na kwa kumuuliza kadhi au sheikh wenu namna ya kuliweka: kama mtaendelea na masomo, mtakaa wapi, nani analipa kodi, na nani atavuka na boti mkiugua. Bwana anayekasirika kuulizwa haya, ni vyema mmjue mapema.

Tunayofanya sisi kwa watoto wa ndugu zetu ni haya. Kabla hajaondoka tunamkalisha na baba yake, au ami yake kama baba hayupo, na mwanamume yule anatamka kwa mdomo wake: ukipata tatizo ukatwambia, hatutakuachisha masomo kwa sababu umetwambia. Akina baba wengine inawachukua siku mbili tatu kulitamka. Tunasubiri, tunapika chai.

Kisha tunakubaliana neno. Kuna mmoja, akipiga simu akauliza "Bibi kaamkaje?" na ni usiku, anayepokea anajua yuko mahali pabaya, haulizi maswali, anabaki kwenye simu anazungumza habari za ndizi na samaki mpaka mtoto afike pahala penye watu. Kwenye simu yake kuna pesa za bajaji ambazo haruhusiwi kuzigusa hata njaa ikimbana, elfu ishirini, na zikitumika zinarejeshwa asubuhi. Sababu ya kuchelewa haulizwi usiku ule. Anaulizwa kama ameshafunga mlango.