Kaktasi Yako Haitaki Huruma

Wacha niseme ukweli: ile kaktasi ndogo dirishani kwako haitakufa na kiu. Itakufa kwa sababu unaipenda sana. Kila asubuhi kikombe cha maji, jamani! Huu mmea asili yake ni kule Mexico na majirani zake, na shina lake ndilo tangi. Mizizi ikikaa kwenye tope inaoza polepole, ukija kushtuka shina limelainika kama ndizi iliyoiva kupita kiasi. Chungu kiwe na tundu chini, udongo uchanganywe na mchanga na kokoto. Chomeka kijiti, kikitoka kikavu kabisa ndio umwagilie. Baridi ya Julai hapa Nairobi, unaweza kungoja hata mwezi mzima.

Sasa, ugumu huohuo ndio unanitia wasiwasi. Kama yako ni mpungate, ule wa vipande bapa, ukichoka nao usiutupe kichakani. Kipande kimoja kikigusa udongo kinatoa mizizi. Waulize wafugaji wa Laikipia: mpungate umemeza malisho, na mbuzi wakila matunda yake, miiba midogo inawachoma midomo na matumbo. Afadhali umpe jirani, pamoja na chungu chake.