Kharumwa: Dhahabu Hupita, Mji Hubaki

Mtu akikaa kando ya barabara iingiayo Kharumwa na kuhesabu mizigo ipitayo juu ya baiskeli na pikipiki, hachelewi kuuelewa mji huo. Hupita magunia ya mpunga, madumu ya maji, na viroba vya mawe vilivyofungwa kwa kamba za katani. Mpunga unalisha, maji yanatafutwa, na mawe ndiyo yanayotazamiwa kuleta fedha. Maendeleo ya Kharumwa yamo katika mizigo hiyo mitatu, na kazi ya Serikali za Mitaa ni kuona kuwa mmoja hauiangushi mingine.

Kharumwa ni makao makuu ya Wilaya ya Nyang'hwale, mkoani Geita. Hadi mwaka 2012 sehemu hii ilikuwa chini ya Wilaya ya Geita, ambayo nayo ilikuwa katika Mkoa wa Mwanza. Mwaka huo Mkoa wa Geita ulianzishwa ukiwa na wilaya tano, na Nyang'hwale ikawa mojawapo. Sensa ya mwaka huo huo iliikuta wilaya ikiwa na watu 148,320. Makao makuu ya wilaya yanapohamia mahali, hayaji peke yake. Wanakuja watumishi wanaohitaji nyumba za kupanga, fundi seremala anayetengeneza madawati, mama lishe anayewapikia wote hao, na kijana wa bodaboda anayewapeleka kazini. Hivyo ndivyo kijiji kinavyoanza kujiita mji.

NCHI YA JEMBE

Kabla ya dhahabu kuvuma, nchi hii ilijulikana kwa jembe. Wazee wa Kisukuma na Kizinza wanawakumbuka Walongo, mafundi waliofua chuma katika nchi za kusini mwa Ziwa Victoria na kuuza majembe yao Usukuma na Unyamwezi. Baadaye ilikuja pamba, na pamba ikaleta vyama vya ushirika, ambavyo mwaka 1955 viliungana katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, chini ya uongozi wa Paul Bomani. Hata leo mgeni akipita mbugani wakati wa masika huyaona majaluba ya mpunga yamejaa maji, na watu wameinama humo tangu alfajiri. Akisalimu "mwangaluka" ataitikiwa kwa furaha, na akikaribishwa ndani huenda akatengewa michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa juani, chakula kilichowavusha Wasukuma katika miaka mingi ya njaa.

Mkulima wa jaluba hana haraka. Anajua kuwa mvua ikikataa mwaka huu, ardhi bado ni yake mwakani. Mchimbaji wa dhahabu yu katika hali nyingine kabisa.

SAFARI YA JIWE

Kharumwa imezungukwa na dhahabu. Upande mmoja upo mgodi mkubwa wa Bulyanhulu, katika Wilaya ya Kahama, ulioanza uzalishaji mwaka 2001. Upande wa pili uko mgodi wa Geita, uliofunguliwa mwaka 2000. Katikati ya wakubwa hao wamo wachimbaji wadogo. Hao huteremka katika maduara kwa kamba na kwa ngazi za miti, hupandisha mawe, na kuyapeleka kwenye makarasha yanayosagwa usiku na mchana. Unga wa mawe huoshwa mwaloni, na chembe za dhahabu hukamatwa kwa zebaki, kisha huchomwa. Kifusi kinachobaki, ambacho wao hukiita marudio, huuzwa kwa wenye mitambo ya kuchenjua mara ya pili.

Katika kila hatua ya safari hiyo yupo mtu anayepata riziki: mvuta kamba, mponda mawe, mwanamke anayeosha unga, muuza uji, mwenye pikipiki. Kwa hiyo anayesema kuwa uchimbaji mdogo ni uhuni hasemi kweli. Lakini hata anayeusifu hana budi kusema pia kwamba duara likiporomoka humzika kijana mwenye watoto, kwamba moshi wa zebaki huingia katika mapafu ya mama aliyembeba mtoto mgongoni, na kwamba rashi ikitokea, yaani dhahabu ikivuma mahali papya, madawati ya shule yanaanza kuwa matupu.

Mwaka 2019 Serikali iliwaondolea wachimbaji wadogo Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5, na mwezi Machi mwaka huo huo soko la dhahabu likafunguliwa Geita. Shabaha ilikuwa kumtoa muuzaji gizani, apimiwe kwa mizani ya halali na biashara yake iandikwe.

SHILINGI 3,000 KATIKA MILIONI

Hapa inafaa tufanye hesabu kidogo. Kwa miaka mingi ushuru wa huduma uliolipwa kwa Halmashauri ulikuwa asilimia 0.3 ya mapato ghafi ya biashara. Maana yake, katika kila mauzo ya shilingi 1,000,000 Halmashauri ilipata shilingi 3,000. Sheria inazitaka pia Halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Tukiligawa fungu letu kwa kanuni hiyo, katika shilingi 3,000 akina mama wanapata shilingi 120, vijana 120, na wenye ulemavu 60.

Kwa hiyo fungu linalobaki mjini ni dogo sana likilinganishwa na mali inayopita. Ndiyo maana kila shilingi ya fungu hilo ina uzito, na ndiyo maana kuitumia kwa posho za vikao visivyokwisha ni kosa kubwa kuliko linavyoonekana kwenye karatasi.

MIGODI HUZEEKA

Wapo wasemao kuwa hakuna haraka, dhahabu ipo tele. Na waulize historia. Mgodi wa zamani wa Geita, uliokuwa ukifanya kazi tangu wakati wa mkoloni, ulifungwa mwaka 1966. Mgodi wa Golden Pride huko Nzega, uliofunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1990, ulifungwa mwaka 2014. Buzwagi, karibu kabisa na mji wa Kahama, ulianza mwaka 2009 na ukamaliza uchimbaji mwaka 2021, haukudumu hata umri wa mtoto kumaliza darasa la kumi na mbili. Bulyanhulu wenyewe, baada ya usafirishaji wa makinikia nje kuzuiwa mwaka 2017, ulipunguza kazi na wafanyakazi wengi wakaondolewa. Uchimbaji wa chini ya ardhi ulirejea mwaka 2020. Katika miaka hiyo mitatu wenye maduka na nyumba za kupanga walijifunza kuwa uamuzi unaofanywa mbali unaweza kumfungia mtu genge lake.

Kahama haikuanguka Buzwagi ulipofungwa, kwa sababu ulikuwa mji wa mpunga, wa maghala na wa njia kuu kabla ya kuwa mji wa dhahabu. Mwaka huo huo wa 2021 ulipandishwa hadhi kuwa Manispaa. Kharumwa, yenye majaluba kama ya Kahama, ina mfano jirani wa kuiga.

NINI KITANGULIE?

La kwanza ni maji. Mradi wa Nyamtukuza umekusudiwa kuleta maji ya Ziwa Victoria katika vijiji vya wilaya hii, na hakuna matumizi ya fedha za dhahabu yaliyo bora kuliko kuyafikisha mabomba hadi kitongoji cha mwisho. Mahali penye zebaki, maji ya bomba ni kinga pamoja na kuwa kiburudisho.

La pili ni kupima viwanja mapema. Mji unaojengwa kabla ya kupimwa hulipa mara mbili: kwanza kujenga, halafu kubomoa ili barabara ipite. La tatu ni kuitenga mialo na makarasha mbali na makazi na visima. La nne ni shule, na hasa chakula cha mchana shuleni, maana mtoto mwenye njaa ndiye wa kwanza kushawishika kwenda machimboni. La tano ni mashine za kukoboa na maghala, ili mpunga usiuzwe ukiwa bado shambani kwa bei ya mnunuzi.

Watu wa sehemu hii si wageni katika kuihoji Halmashauri. Mwaka 1958, wakati Nyang'hwale ingali ndani ya Geita, mkoloni alitaka kuweka Halmashauri ya mchanganyiko wa rangi. Wananchi walikataa, na maelfu yao wakaenda Mwanza kusema hivyo mbele ya wakubwa. Leo hapana haja ya kutembea mpaka Mwanza. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inampa kila mtu mzima nafasi katika mkutano mkuu wa kijiji, na mabadiliko ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017 yanataka mpango wa kila mwaka wa kampuni wa kusaidia jamii ukubaliwe na Halmashauri.

Basi mkutano ujao wa kijiji utakapoitishwa, mvuta kamba na aache kamba kwa saa mbili, na mama wa mwaloni aache karai. Waende wakaulize maswali mawili tu: robo mwaka iliyopita ziliingia shilingi ngapi kutokana na dhahabu, na zimejenga nini? Majibu yaandikwe kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kijiji, kwa herufi ambazo hata mtoto wa darasa la tatu ataweza kumsomea bibi yake.